Akamwani ya Chumba Namba Sita

Binti wa mapokezi alinisahihisha, na hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote siku ile. Nilikuwa nimefika Bukoba asubuhi. Kesho yake tulikuwa tunakwenda Muleba kumzika Kemilembe, rafiki yangu wa ujana, na kwa kuwa nyumba za ndugu zangu Ijuganyondo zilikuwa zimejaa wageni wa msiba, niliamua kulala Resti. Ndivyo watu wanavyoiita mpaka leo ile hoteli ya mawe iliyo juu ya mji, ambayo wakoloni waliijenga ili maofisa wao wapumzike. Mimi na Kemilembe tulifanya kazi pale mwaka mmoja tukiwa wasichana. Karibu na meza ya mapokezi nilikuta fremu yenye kioo, na ndani yake maandishi mazuri ya Kiswahili na Kiingereza: Mzimu wa Chumba Namba Sita, bibi anayewaachia wageni punje za kahawa dirishani. Nikasoma mpaka mwisho, miwani ikiniteleza puani. Nikamwambia yule binti, “Mwanangu, habari hii si ya kweli. Mimi ndiye niliyeitunga.” Akatabasamu vile wanavyofundishwa kutabasamu. “Hapana, mama. Hii ni ya tangu enzi za Mjerumani.” Nikamwambia nilikuwa nafanya kazi hapo hapo alipokaa yeye. “Labda mama ulisikia nyingine,” akasema kwa upole mkubwa. “Mzimu wenyewe alikuwa mpishi wa Wajerumani. Kuna mgeni alimwona mwaka juzi, amevaa nguo nyeupe mpaka chini.”

Nimefanya kazi za hoteli zaidi ya miaka thelathini, Dar es Salaam na Arusha, na nimebishana na kila aina ya mtu: mlevi, waziri, bibi harusi. Sijawahi kushindwa kama nilivyoshindwa pale. Uongo wangu ulikuwa na fremu na kioo, mimi nilikuwa na begi na kitenge cha msibani. Kila nilipoongeza neno, yule binti aliongeza ushahidi. Mwishowe aliniuliza kama ningependa kulala Chumba Namba Sita, maana kilikuwa wazi. Nilikataa, nikapewa namba mbili, nikakaa kitandani nimekasirika, kwanza na yeye, halafu na mwenye hoteli, halafu, hasira ilipokosa mtu mwingine wa kumwangukia, na mimi mwenyewe. Pale kitandani niliapa kwamba kesho, mbele ya jeneza na watu wote wa Muleba, nitasema ukweli niliokaa nao tangu nikiwa na miaka ishirini.

Mwaka ule mimi nilikuwa mapokezi kwa sababu nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na Kiingereza changu kilisikika. Kemilembe alikuwa msafisha vyumba, kwa kuwa aliishia darasa la saba. Tulipanga chumba kimoja Rwamishenye, nyuma ya duka la mzee mmoja aliyeuza misumari na mafuta ya taa, na kila asubuhi tulipanda kilima pamoja, yeye akiimba nyimbo za kwaya kwa sauti ya pili, kana kwamba kuna mtu mwingine anayeimba ya kwanza. Resti ilikuwa na vyumba tisa. Kizuri kuliko vyote kilikuwa namba sita, cha pembeni, chenye dirisha pana lililotazama ziwa, sakafu ya mbao iliyolia ukiikanyaga, beseni la chuma la kuogea lenye miguu, na kabati ambalo mlango wake ulifunguka wenyewe kila mvua ikinyesha kwa sababu mbao zilikuwa zinavimba. Mtu yeyote angeweza kulieleza kabati lile. Katika ile fremu nalo limeandikwa, na limekuwa ushahidi.

Jikoni alitawala mpishi tuliyemwita kwa heshima Ta Kaijage, mzee mwembamba mwenye meno matatu ya mbele yaliyobaki. Wageni aliwapikia supu, viazi na samaki wa ziwani bila ladha yoyote, kwa makusudi, kwa kuwa alifundishwa na mzungu kwamba ndivyo wapendavyo. Sisi alitupikia ndizi na maharage kwenye sufuria kubwa, akaifunika kwa majani ya mgomba, na tulikula tumekaa kwenye magunia ya viazi huku tukisikiliza vijiko vya wageni upande wa pili wa ukuta. Nimekula vyakula vya kila namna tangu hapo na bado nazikumbuka zile ndizi. Msimu wa senene, panzi wa kuliwa, Ta Kaijage alikuwa anawakaanga kwa siri, maana Meneja, bwana mmoja wa mjini aliyevaa tai hata Jumapili, alikuwa amepiga marufuku. Halafu siku moja mtunza bustani alimpa mgeni karanga za kuchemsha, tumbo la mgeni likachafuka, na tangu siku hiyo ikabandikwa amri jikoni: mfanyakazi atakayempa mgeni kitu cha kula kisichotoka jikoni ataondoka kazini siku hiyo hiyo.

Amri ile ilimtesa Kemilembe. Kwetu Wahaya mgeni akiingia ndani hupewa akamwani, kahawa iliyochemshwa na maganda yake ikaanikwa, ya kutafuna. Kabla hujamuuliza habari za safari, unamletea kikapu kidogo, unachukua punje moja unatafuna wewe mwenyewe kwanza ili aone hakuna sumu, kisha unamnyooshea. Mgeni asiyepewa akamwani hajakaribishwa, hata ukimchinjia mbuzi. “Sasa watu wanatoka ng’ambo, wanalala humu siku tano, hawapewi hata punje,” Kemilembe alikuwa akilalamika. “Hiyo ni aibu ya nani, ya Meneja au yangu mimi ninayetandika kitanda?” Basi akajipatia njia yake. Kila mchana alipomaliza kusafisha namba sita, aliweka punje tatu dirishani juu ya kipande cha jani kavu la mgomba, akaondoka. Hakumpa mtu, aliweka tu. Ta Kaijage alipoliona jambo hilo hakucheka. “Mwana wange, usiweke hivyo. Ya kuwekwa bila mtu wa kutafuna kwanza ni ya wale wasiokuwa na meno.” Alimaanisha marehemu. Wazee wa zamani waliwawekea wafu wao hivyo, kimya kimya, kwenye kibanja, shamba la ukoo la migomba walimozikwa. Kemilembe akamjibu kwa heshima ya utani, “Waitu Ta, yule mzungu wa namba sita ana meno mazuri kuliko yako!” Tukacheka wote mpaka Meneja akagonga ukuta.

Mwezi wa pili wa mvua alikuja Mama Magreti. Jina lake lilikuwa refu zaidi ya hilo lakini sisi tulilikata. Alikuwa Mwingereza wa makamo, mpole, mwenye viatu vya kiume, na kazi yake ilikuwa kuandika vijitabu kuhusu hoteli za kale zenye mizimu. Alikuwa amekuja Bukoba kwa meli ya Mwanza kumtembelea mpwa wake aliyejitolea kufundisha, akashikwa na mvua, akakaa Resti wiki tatu. Jioni baada ya chakula alipenda kutueleza habari za kwao mashambani, nami nilitafsiri, wafanyakazi wote wamesimama mlangoni. Alisema huko kuna nyumba za wageni za mawe zilizojengwa kabla ya babu wa babu zetu, na katika moja kuna mwanamke wa kijivu anayeshuka ngazi kila vuli akimtafuta mchumba wake. Katika nyingine kuna mpanda farasi asiye na kichwa anayeingia uani na kuagiza bia. Katika nyingine mtoto anakimbia kwenye dari ambayo haina sakafu. Na watu, akasema, huandika barua miezi sita kabla ili wapate chumba hicho hicho. “Wanataka chumba chenye mzimu?” niliuliza, nikidhani nimekosea tafsiri. Hicho hicho, akasema. Ta Kaijage alisikiliza yote hayo mikono nyuma, akaomba nimuulizie swali moja: “Huyo mama wa kijivu hana ndugu? Mbona hawaji kumchukua?”

Nilitafsiri, na Mama Magreti akacheka mpaka akafuta machozi, akaandika kwenye daftari lake. Hakuelewa kwamba mzee hakuwa anatania. Nami sikumweleza, kwa sababu sikujua neno la kueleza. Kamusi yangu ya shule ilisema mzimu ni sawa na neno lao, basi nikatumia hilo hilo, huku na huku, kama mtu anayebadilisha fedha bila kuuliza thamani. Kumbe kwa Kihaya omuzimu si mtu wa kuzurura ngazini. Ni wa ukoo. Ana kwao, ana wajukuu, ana kibanja. Hawezi kuwa wa hoteli kama vile mama mzazi hawezi kuwa wa stendi ya basi. Kosa hilo dogo la kamusi ndilo lililomla Kemilembe, na mimi ndiye niliyekuwa nimeishika kamusi.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, chakula cha mchana. Mama Magreti aliingia ukumbini kiganja kimefunguka, punje tatu zimelala ndani, akamuuliza Meneja kwa furaha ni nani anayemwachia vitu hivi dirishani kila siku. Meneja aliziangalia zile punje, kisha akaangalia mlango wa jikoni, nami niliona uso wake ukibadilika. Nilijua anatafuta jina. Kemilembe alikuwa nyuma ya pazia la kabati la vyombo, anapanga sahani, nasikia zikigongana, halafu nikasikia zimenyamaza. Nikasema kwa Kiingereza, haraka, kabla Meneja hajafungua mdomo: hakuna mtu anayeziweka, mama, hizo ni za omuzimu wa chumba kile. Ndivyo nilivyosema, na neno lile la kwetu nililisema kwa mkazo ili lionekane na uzito. Mama Magreti akakaa chini polepole. Meneja akaniangalia, akamwangalia mgeni wake anavyong’aa, na palepale akaelewa kwamba amepata kitu. “Ndiyo,” akasema. “Ni wa siku nyingi.” Sahani zikaanza kugongana tena.

Nilijivunia. Niseme ukweli, jioni ile nilipanda kitandani nikijiona mwerevu, nimemwokoa rafiki yangu kwa sentensi moja. Sikumwambia. Nilijiambia Kiingereza hajui, hakuna haja ya kumtia hofu. Wiki haikuisha Meneja akamwita Kemilembe na kumwamuru aendelee kuweka zile punje kila siku, asikose, na asimwambie mgeni yeyote. Kitu cha kumfukuzisha mtu kazi kikawa kazi. Mama Magreti akaondoka na daftari lake, na kabla mwaka haujaisha posta ikaleta kijitabu chembamba chenye picha ya dirisha la namba sita. Wageni wakaanza kushuka kwenye meli wakikiulizia. Mimi nikapandishwa, nikawa msimamizi wa wageni, na Meneja akaanza kusema habari za kunipeleka chuo cha hoteli.

Kemilembe alikuwa amechumbiwa. Mchumba wake, Deo, alikuwa fundi seremala wa Muleba, kijana mtaratibu ambaye alikuja Jumamosi kwa baiskeli na akalitengeneza lile kabati la namba sita mara mbili bila kufanikiwa. Posa ilikuwa imekubaliwa. Kilichobaki kilikuwa siku. Jumapili moja baada ya misa wazee watatu wa upande wa Deo walikuja kwa shangazi yake Kemilembe, Kitendaguro, nasi wawili tulikuwa jikoni tunamenya ndizi, tukidhani wamekuja kupanga tarehe. Kati ya jiko na sebule palikuwa na pazia tu. Walipewa akamwani, wakatafuna, wakauliza habari za mvua. Kisha mkubwa wao akakohoa. “Tumesikia binti yenu anamlisha omuzimu kule hotelini. Tunauliza kwa heshima, waitu: omuzimu huyo ni wa ukoo gani?” Shangazi akasema hakuna kitu kama hicho. “Basi anamlisha wa nani? Kama ni wenu, kwa nini mmemtoa kibanjani mkampeleka kwa wageni? Kama si wenu, kwa nini binti anamhudumia mfu wa watu?” Shangazi akasema ni maneno ya mjini. Yule mzee akatoa kile kijitabu kwenye mfuko wa koti, kimekunjwa katikati, akakiweka mezani. Hakujua kukisoma, lakini picha aliijua. “Mzungu ameandika, mama. Mjini hawaandiki.”

Kemilembe aliondoka jikoni, akapita pazia, akapiga magoti mbele yao. Nilimsikia akieleza: alikuwa anawakaribisha wageni tu, alikatazwa kuwapa mkononi, ndiyo maana aliweka dirishani. Alieleza vizuri kabisa. Kila neno lilikuwa kweli. Mzee akamuuliza, “Wewe mwenyewe ulitafuna kwanza?” Akasema hapana, hakukuwa na mtu wa kumwona. Ilikuwa hatua nne kutoka kwenye beseni langu la ndizi mpaka sebuleni. Ningesema: ni mimi niliyetaja omuzimu, nilidanganya ili asifukuzwe. Ningepoteza kazi, na chuo, na yeye angepata ndoa. Nilihesabu hayo yote kisu kikiwa mkononi, na nikamenya ndizi nyingine. Nilimenya mpaka wakaondoka, na ndizi zilikuwa nyingi mno kwa watu watatu waliobaki.

Posa ikafa. Kemilembe akaacha kazi akaenda Muleba kuishi kwenye kibanja cha kaka yake, akilima kahawa na vanila, na hakuolewa. Deo alioa kijiji cha jirani. Mimi nilikwenda chuo. Katika miaka yote iliyofuata nilimtembelea Kemilembe mara tatu, na kila mara alinipokea vizuri, akaniletea kikapu, akatafuna punje yake, akaninyooshea, na nilipokuwa nimeshaweka yangu mdomoni akauliza kama mtu anayekumbuka jambo dogo, “Hivi Yustina, yule mzungu aliambiwa na nani?” Na kila mara nilijibu, “Sijui. Labda Ta Kaijage.” Mzee wa watu alikuwa amekwisha kufa, hakuweza kujitetea. Kemilembe alitikisa kichwa, akasema, “Labda,” akaenda kuangalia sufuria.

Msibani ratiba ilikuwa imebandikwa kwenye mgomba. Mshereheshaji, mwalimu mmoja mwenye kipaza sauti kilichokwaruza, alitangaza kwamba padre ana maziko mengine, hivyo marafiki wa marehemu watawakilishwa na mtu mmoja kwa dakika mbili. Nilipigania zile dakika mbili na mama mmoja wa kwaya, nikazipata. Nilisimama mbele ya jeneza. Nilikuwa nimejiandaa usiku kucha, lakini mdomo una mazoea yake. Nilisema: “Ndugu zangu, ilisemwa kwamba Kemilembe alimlisha mzimu. Haikuwa kweli. Hakukuwa na mzimu. Alikuwa anakaribisha wageni tu.” Watu wakaguna. Nyuma mtu akacheka kidogo. Mshereheshaji akasema kwa furaha, “Tunamshukuru mama yetu kwa kutuchangamsha, marehemu naye alipenda utani,” akaita kwaya. Nilirudi kwenye kiti kwa hasira. Nilimlaumu yule mwalimu, kipaza sauti, na padre na haraka yake. Nilimlaumu kila mtu aliyekuwepo.

Baada ya maziko nilikaa peke yangu nyuma ya nyumba, chini ya kahawa alizozipanda mwenyewe. Jeni, binti wa kaka yake, aliyemuuguza mpaka mwisho, alinifuata akiwa na kikapu kidogo cha ukindu kilichochakaa mdomo. Nilikitambua. Hakukaa. “Mama Yustina, shangazi aliniagiza. Alisema ukija kumzika nikuulize swali moja, na ukishajibu nisikuulize jingine. Yule mzungu aliambiwa na nani?”

Nilianza kumwambia kwamba nimeshasema pale mbele, kila mtu amesikia. “Ulisema ilisemwa,” Jeni akajibu, bila ukali. Na ni kweli. Miaka yote ile ya kungoja, na nilipopata dakika zangu mbili nilijificha ndani ya kitenzi.

“Ni mimi,” nikasema.

“Alijua. Alikuwa anapanga sahani.”

“Hakujua Kiingereza, mwanangu.”

“Alisema hivyo. Alisema Kiingereza hajui, ila omuzimu si Kiingereza.”

Nilitaka kuuliza kwa nini basi hakuniambia, kwa nini alinipokea mara tatu akanipa kahawa na kuniacha nimsingizie mzee aliyekufa. Mara tatu alikuwa amenifungulia mlango, na nilikuwa nimesimama pale pale nikimenya ndizi. Jeni alifungua kikapu. Akachagua punje moja, akaitafuna yeye kwanza, taratibu, akiniangalia, nione kwamba haina sumu, kisha akaninyooshea.